Shingo ya Nzohe

Mama mkwe aliimwaga nyama kwenye bomba la maji, pale wanapokutana wanawake wote wa nyumba za wafanyakazi, tena saa ya foleni. Angeweza kuitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, lakini shimo la taka halina macho. Alifika na sufuria, akaiinamisha, na mbwa wa kambi, ambao hawajazoea kukaribishwa, wakasita kidogo kabla ya kuanza kazi.

"Kuleni nyinyi," aliwaambia. "Mkwe wangu ameleta kibudu."

Neno hilo halisemwi ovyo. Kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, na kumwambia mwanamume hadharani kwamba anawalisha watoto wake kibudu ni kumwambia hana dini wala haya, na kwamba waliomlea walijisumbua bure. Wanawake wakaacha maji yamwagike. Nani angefunga bomba wakati kama huo?

Mkwe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwake, buti bado zina matope. Kazi yake ilikuwa kufuata nyayo za wanyama mbele ya wageni waliokuja kuwinda, na kwa jinsi alivyopita juu ya majani makavu bila kuyaliza, wenzake walimwita Unyoya. Nyama ile ilikuwa ya kuro, swala mkubwa, aliyepigwa asubuhi. Alikuwa ameibeba mwenyewe kutoka porini, akamkabidhi mkewe kwa majivuno madogo ya mtu aliyekuja na kitoweo.

"Mama, nilichinja," alisema, kwa ile sauti ya chini ambayo mtu humtolea mkwewe.

"Ulichinja wapi?"

Unyoya aligusa shingo yake chini kabisa, pale inapokutana na kifua.

"Hapo ndipo pa kuchinjia? Baba yako alikuwa anachinja kuku kifuani?"

"Mwalimu wa madrasa ya watoto alisema yafaa, mama. Hata ngamia huchinjwa hapo hapo."

"Na kuro ni ngamia?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata mwanamke mmoja mjamzito, ambaye alikuwa hajacheka tangu mimba iingie, alishika kiuno akacheka. Unyoya akageuka, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, hatua zake zilisikika.

Kusema haki, hakubuni yeye mtindo ule. Mgeni anayelipia mnyama hupenda kuondoka na kichwa na ngozi ya shingo, vikajazwe na kutundikwa ukutani kwake. Kisu kikipita kooni, ngozi imeharibika. Lakini wafanyakazi wengi pale walikuwa hawali mnyama asiyechinjwa. Basi pakapatikana suluhu: mnyama wa kutundikwa achinjwe chini kabisa, mahali ambapo fundi wa kujaza ngozi hapahitaji. Mgeni akapata shingo yake, watu wakapata nyama yao, na maisha yakaendelea bila kelele mpaka mama mkwe alipofiwa na mumewe akahamia kwa bintiye.

Binti huyo alikuwa dobi wa kambi. Jioni ile alirudi na mikono iliyojikunja kwa sabuni, akamkuta mumewe amekaa kitandani anatazama ukuta, na mama yake jikoni anasugua sufuria kama mtu anayefuta dhambi.

"Mbona hukumjibu?" alimnong'oneza mumewe.

"Nimjibu mkwe wangu mbele za watu? Ili waseme nini?"

"Na sasa wanasema nini?"

Mkewe akavua kanga, akaikung'uta kwa hasira ambayo haikuwa ya kanga.

"Basi chinja anavyotaka yeye, tupumue. Mimi nimechoka kukaa katikati yenu."

Alisema hivyo kwa uchovu tu, kama watu wanavyosema mambo mengi wakiwa wamechoka. Mumewe akalichukua kama lilivyo.

Mgeni aliyekuwapo kambini wakati huo alikuwa mtu mwekundu, mpole wa sauti, mwenye kofia mpya. Katika simu yake alikuwa na picha ya ukuta. Alimwonyesha kila mtu: mpishi, dereva, hata dobi alipokwenda kuchukua nguo chafu. Ukutani palikuwa na vichwa viwili vya wanyama wa nchi nyingine, na kati yao nafasi tupu. Mgeni aliweka kidole juu ya nafasi ile na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hapa, nzohe." Dobi alitikisa kichwa kwa heshima na kuondoka na suruali zake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye alijua kwamba mgeni huyo alikuwa anatoka jasho la woga, si la joto.

Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, zinamwezesha kukanyaga mafunjo yaliyolala bila kuzama, na akishtuka hujitumbukiza mpaka ibaki pua peke yake juu ya maji. Si mnyama wa kukutana naye barabarani. Kibali cha msimu mzima kiliruhusu mmoja tu katika kinamasi kile, na mgeni alikuwa ameshatumia siku zake karibu zote akiwa amechuchumaa juu ya kichuguu katikati ya mafunjo, anang'atwa na mbu, anamsubiri.

Asubuhi alipompata, alimpiga vizuri kwa kadiri ya mtu anayetetemeka. Mnyama aliruka, akaangukia nyuma ya ukuta wa matete. Mwindaji mkuu, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi na hakuna aliyehitaji kuuliza bosi yupi, alibaki kichuguuni na mgeni wake. Aliwatuma watu wawili na mtumbwi: Unyoya, na mchunaji wa kambi.

Mchunaji huyo aliitwa Wembe. Alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe, yaani shemeji wa Unyoya, na dobi alimbeba mgongoni mpaka yeye mwenyewe akapinda mgongo. Alikuwa hodari na alijua ni hodari, jambo ambalo halikumwongezea marafiki. Hajaoa, analala katika bweni la makapera, anakula kwa dada yake, na dawa za presha za mama yao hununua yeye.

Walimkuta nzohe amelalia ubavu, nusu ndani ya maji, anapumua kwa shida. Wembe alirukia matopeni, akashika pembe, akamgeuza kichwa.

"Haya, shemeji, fanya haraka. Chini, eh? Huyu ndiye wa ukutani."

Unyoya alichomoa kisu. Alijua vizuri chini ni wapi. Amefanya hivyo mara nyingi kuliko alivyomnyoa ndevu baba yake mgonjwa. Lakini alipoinama aliona foleni ya ndoo, akasikia kile kicheko, akamwona mama watoto wake anakung'uta kanga. Akamwona mama mkwe na sufuria.

"Chini, shemeji! Chini!"

"Bismillahi, Allahu akbar," alisema Unyoya, na kisu kikapita juu, chini ya taya, kutoka upande hadi upande. Ulikuwa uchinjaji safi ambao hakuna mwanamke wa bombani angeweza kuutia ila.

Wembe aliachia pembe. Kwa muda alitazama lile koo lililofunguka, na damu inayotandaa kwenye maji.

"Umefanya nini?"

"Nimechinja."

"Umechinja nyumba yako, shemeji."

Bosi hakupiga kelele mara moja, na hilo ndilo lililowatisha. Waliupandisha mzigo kichuguuni, akainua kidevu cha mnyama kwa ncha ya buti, akautazama mkato, akakiachia kichwa kianguke. Alizaliwa nchi hii hii na Kiswahili alikinyonya kwa yaya. Akitukana, hutukana mpaka mtu anaona ukoo wake.

"Nani?"

Watu wawili wakatazama maji.

"Nimeuliza nani. Au kisu kilijiendea chenyewe?"

"Inashoneka, bosi," alisema Wembe. "Fundi mzuri akipitisha mshono ndani ya manyoya, hauonekani."

Bosi akamgeukia mgeni, wakazungumza kwa lugha yao. Mgeni alikuwa ameketi chini na kofia yake mapajani. Alitoa simu, akautazama ule ukuta, akairudisha mfukoni. Akasema maneno machache kwa upole ule ule, bila kumtazama mtu.

"Hataki mnyama wa viraka," Bosi alitafsiri. "Wala hataki kula kambi moja na mtu aliyefanya hivi. Na akirudi kwao atawaambia wenzake wote. Mnajua wenzake ni nani? Ni wale wa mwakani. Ni wale wanaonilipa mimi ili niwalipe nyinyi." Sasa sauti ikapanda. "Kesho kabla gari halijatoka nataka jina. Mwenye kisu ataondoka na lori la mahitaji. Bweni aache, nyumba aache, ufunguo auweke mezani kwangu. Mmenisikia, mabaradhuli?"

"Ndiyo, bosi," walisema wote wawili kwa pamoja. Lilikuwa jambo la mwisho walilosema kwa pamoja.

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Jua lilikuwa bado halijatua walipoketi chumba cha mbele, mlango umefungwa, mapacha wa dobi wametumwa dukani kununua kitu ambacho hakikuhitajika. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakuna aliyekuwa amemtaja, na yeye alilisikia vizuri jina lake katika ule ukimya.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hakuna aliyesema ni wewe, mama," alisema dobi.

"Mmenyamaza kwa sauti kubwa."

Wembe alikuwa amesimama, amegemea kabati. "Mimi nilimwambia chini. Nilimwambia mara mbili. Kama masikio yake yaliziba, je, ni kosa la ngozi au la mchunaji?"

"Nilikusikia," alisema Unyoya.

"Ulinisikia! Afadhali ungesema hukunisikia."

"Kesho nitasema ni mimi. Yaishe."

"Yaishe?" Dobi akasimama. "Yataisha yapi? Ukiondoka wewe, nyumba inaondoka. Nyumba ni ya mfuata nyayo, si ya dobi. Watoto nitawalaza wapi, kwenye karai la kufulia? Una kwenu wewe? Mimi nina kwetu?"

Hakuna aliyekuwa na kwao. Mama mkwe alipofiwa, ndugu wa mume waligawana vyumba kabla ya kugawana kilio. Na Unyoya alizaliwa mahali ambapo sasa ni pori la kuwindia. Pale palipokuwa na jiko la mama yake, wageni huegesha gari wakati wa chai.

"Wembe analala bweni," dobi aliendelea, bila kumtazama mdogo wake. "Mtu mmoja na begi lake."

Wembe akacheka kicheko kikavu. "Haya, limetoka. Nilikuwa nasubiri litoke. Mtu mmoja na begi lake, hana cha kupoteza. Kazi siku hizi ni ya wenye watoto tu, dada?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nini? Na dawa za mama nitazinunua kwa begi?"

"Nyamazeni," alisema mama mkwe. "Nyote." Aliondoa miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha. Sauti yake haikuwa ile ya bombani. "Hakuna atakayemtaja mwenzake. Mmesikia? Mchunaji ni mmoja, mfuata nyayo ni mmoja, na msimu haujaisha. Atawafukuza wote wawili akabaki na nani? Akawinde na mpishi? Kesho akiuliza, fungeni midomo. Atatukana, atachoka, atakata mshahara, basi."

Halikuwa wazo baya. Watu wengi wameishi miaka mingi kwa mawazo mabaya kuliko hilo.

"Mimi jina la mtu sitalitaja," alisema Wembe. "Lakini na langu silitoi. Tusikie vizuri, tusije tukalaumiana."

Aliisubiri kauli ya shemeji yake. Unyoya alikuwa anatoa matope kwenye kisigino kwa kijiti.

"Mkwe," alisema mama, "umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Asubuhi Bosi aliwapanga mbele ya banda la ngozi, mahali panaponuka chumvi na damu ya zamani. Aliwaita na wengine washuhudie: dereva, mpishi, wapagazi, watu wa mahema. Mgeni alikuwa anakunywa kahawa kwenye baraza lake, amegeuzia mgongo jambo zima, lakini hakuwa amehama. Upande wa pili wa banda, dobi alikuwa anaanika mashati. Hakuna aliyemwita. Kamba yake ilikuwa hapo siku zote.

"Nani alikata?"

Nzi walizunguka juu ya meza ya kuchunia.

"Wembe?"

Wembe alitazama mbele.

"Unyoya? Wewe una watoto. Hebu fikiria kabla ya kunifanyia ububu."

Unyoya alitazama chini.

"Vizuri sana," alisema Bosi. "Mmekubaliana. Mmekaa jana na mwanamke mmoja mwenye akili akawaambia, bosi hawezi kufukuza wote wawili, msimu haujaisha." Watu wakapepesa macho, alikuwa kama alikaa chumbani nao. "Nimekua na watu kama nyinyi, mnadhani siwajui? Jirani yangu wa ng'ambo ya mto amefunga kambi yake mapema. Ana mfuata nyayo, ana mchunaji, wanakaa bure. Nimezungumza naye kwenye redio. Basi nyote wawili, fungeni mizigo. Lori linaondoka saa sita."

Alikuwa hatishi. Tayari alikuwa amegeuka, anamwita dereva.

Dobi alikuwa na shati la mgeni mkononi, linachuruza. Ndani ya kichwa chake hakukuwa na hesabu ndefu, wala asije mtu akasema alipanga. Kulikuwa na ufunguo unawekwa mezani. Kulikuwa na mapacha wameketi juu ya godoro barabarani. Wote wawili wanaondoka, na mama, na yeye, kila kitu. Na mmoja angetosha.

"Ni mdogo wangu," alisema.

Bosi akasimama. "Nani?"

"Wembe. Ni yeye aliyekata."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Alisema mwenyewe jana, nyumbani kwangu."

Bosi akarudi polepole mpaka mbele ya mchunaji. Hata yeye alionekana kutopenda jambo lile, lakini jina alilitaka na jina amelipata. "Ni kweli?"

Wembe hakumtazama Bosi. Alimtazama shemeji yake. Alimpa nafasi, tena nafasi ndefu, mpaka mpishi akakohoa na wapagazi wakaanza kubadilisha miguu. Maneno matatu tu yangetosha, na Unyoya alikuwa nayo. Yalikuwa mdomoni, yamekaa juu ya ulimi kama punje ya mchanga. Alikuwa anatazama buti zake.

Kisha Wembe akamtazama dada yake. Dada alikuwa ameinua lile shati, analibana kwenye kamba, na shati limemficha uso.

"Kama dada amesema," alijibu Wembe, "basi ni hivyo."

Alivua aproni. Visu vya kampuni akavipanga juu ya meza, kuanzia kile kikubwa cha kupasulia hadi kile chembamba cha kuzungushia macho na midomo, kila kimoja kimegeuza makali upande asipopita mtu. Alivipanga bila haraka, na hilo lilimuudhi Bosi kuliko tusi.

"Unyoya," alisema Bosi. "Mpaka nipate mtu, utachuna wewe pia."

"Ndiyo, bosi," alisema Unyoya. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. Dobi alipofika nyumbani alimkuta amepiga magoti sakafuni, anafunga nguo zake ndani ya shuka. Mapacha walikuwa wameketi kitandani wanamtazama bibi yao bila kuuliza, kwa sababu watoto wa nyumba zile hujifunza mapema ni wakati gani wa kutouliza.

"Mama, alikuwa anawafukuza wote wawili."

"Najua."

"Sasa ningefanya nini?"

"Usiniulize mimi. Umekwisha kulifanya."

"Unakwenda wapi? Wembe mwenyewe hana pa kwenda."

"Ndiyo maana hatakwenda peke yake."

Dobi akashika shuka upande mmoja, mama akavuta upande wa pili. Wakavutana hivyo, wanawake wawili wazima, kwa shuka lililochakaa, mpaka dobi akaliachia na kulipuka. "Ni wewe uliyeanza! Ungeila ile nyama ukanyamaza kama watu wengine! Hapa wanakula masheikh, wanakula watu waliohiji, wewe nani? Umemfanya mume wangu kichekesho cha bombani, na sasa unanifungia mzigo kama vile mimi ndiye mchawi!"

Mama mkwe alikaa chini kabisa, mzigo mapajani. Aliwahi kumtandika binti huyu kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Kweli," alisema. "Ni mimi niliyeanza. Na mumeo ndiye aliyekata. Na wewe ndiye uliyesema." Akafunga fundo la kwanza, akafunga la pili. "Sasa niambie, Wembe amefanya nini?"

Nje mtu alikuwa anapita na toroli, gurudumu linalia.

Lori la mahitaji lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa kambi, linapakiwa makreti matupu. Wembe alikuwa ameshakaa nyuma, juu ya gunia, begi miguuni. Watu walipita mbali naye, si kwa chuki, bali kwa ile adabu ya woga wanayopewa waliofukuzwa. Bosi alisimama kando ya dereva na kalamu sikioni.

Mama mkwe alivuka uwanja na mzigo kichwani. Hakwenda kwenye lori. Alikwenda moja kwa moja kwa Bosi.

Unyoya alimwona kutoka banda la ngozi, aproni ya shemeji yake kiunoni, ikimbana. Dobi alimwona kutoka kwenye kamba. Wote wawili walijua bibi huyu si mtu wa kumeza jambo. Kwa kipande cha nyama tu alikusanya foleni nzima. Kwa mwanawe angefanya nini? Sentensi moja na ufunguo uko mezani. Dobi akashika kamba, na mashati yote ya mgeni yakainama pamoja.

"Shikamoo, bosi," alisema mama mkwe, ingawa Bosi angeweza kuwa mwanawe.

Bosi aliona haya. "Marahaba... Hapana, mama, shikamoo wewe. Unataka nini?"

Mama mkwe alishusha mzigo. Alipiga magoti, polepole kwa sababu ya viungo, mbele ya dereva na wapakiaji na watu wote waliokuwa wakijifanya wana shughuli.

"Nimekuja kukuomba radhi. Mwanangu alikosea. Alionywa chini, akakata juu. Mimi ndiye niliyemzaa na kumlea, basi aibu yake ni yangu. Umemfukuza kwa haki."

"Inuka, mama. Imekwisha."

"Mkwe wangu ni mtu mzuri. Usimwekee kinyongo kwa ajili ya shemeji yake."

"Simwekei. Inuka, tafadhali. Panda mbele na dereva."

"Nitapanda nyuma."

Aliinuka kwa kushika tairi. Wembe alikuwa amesimama juu ya lori, amesikia kila neno, na uso wake ambao asubuhi nzima ulikuwa mgumu ulikuwa umelowa. Alimpa mama yake mkono, akamvuta juu, akamkalisha kwenye gunia lake. Mama mkwe alijifunika kanga dhidi ya vumbi. Hakugeuza kichwa upande wa kamba wala upande wa banda. Lori likawashwa, likakohoa, likaondoka.

Dobi alibaki pale mpaka mlio ukaisha nyuma ya mafunjo. Kisha akaendelea kubana mashati, kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Unyoya alimjia kutoka bandani, mikono imepakaa chumvi hadi viwiko. Alisimama upande wa pili wa kamba.

"Kesho nitamwambia Bosi ukweli," alisema. "Naapa. Nitamwambia alikuwa ni mimi."

Mkewe alimtazama. Alikuwa amekubali kuolewa na mtu huyu kwa upole wake, na sasa upole ule aliuona ulivyo.

"Usiseme," alisema. "Ukisema sasa, mama atakuwa amepiga magoti bure."

Upande wa mahema Bosi alipiga honi mara mbili. Mgeni alikuwa ameshapanda gari, alitaka walau ngiri kabla ya kurudi kwao. Unyoya alifuta mikono kwenye aproni, akachukua kofia yake, akaenda kazini.